Sentensi Ianzie Mdomoni

Wakubwa zangu, shikamoo. Walimu wenzangu, wazazi, na ninyi vijana mlio kwenye mafunzo ya ualimu, habari za asubuhi.

Mada niliyopewa inaonekana ndogo. Mtu akikuuliza unafundisha nini, ukamjibu "nawafundisha watoto wadogo kuandika sentensi," anakutazama kama uliyemtajia kazi ya nusu saa. Sisi tunaoshinda na madaftari ya darasa la kwanza tunajua kilichomo. Kutoka herufi "a" hadi neno "baba" ni mwendo. Kutoka neno "baba" hadi "Baba amechelewa kwa sababu mvua ilinyesha" ni mwendo mrefu zaidi, na huko ndiko watoto wengi wanakoachwa njiani.

Tuanze na daftari lenyewe. Ukurasa umejaa: "Hii ni kalamu. Hiki ni kiti. Huyu ni mwalimu." Mwandiko umenyooka, herufi kubwa zipo, nukta zipo, vema nyekundu zimeteremka kutoka juu hadi chini. Mzazi akiuona anafurahi. Sasa futa ubao, umwambie mtoto huyohuyo: niandikie jambo moja lililotokea mlipokuwa mnacheza. Penseli inasimama. Anatazama ubao mtupu, anachungulia daftari la jirani, kisha anauliza, "Mwalimu, niandike nini?"

Mtoto huyo hajakosa la kusema. Muda mfupi uliopita alikuwa uwanjani akisimulia ugomvi wa mpira kwa mkupuo mmoja: nani alianza, nani alidanganya, nani alilia. Alichokosa ni mazoezi ya kuyatoa maneno yake mwenyewe kinywani na kuyaweka kwenye karatasi. Amezoezwa kuchora maneno ya mtu mwingine. Kunakili kuna kazi yake, na sitaki mtu atoke hapa akisema nimekupiga marufuku. Kunamzoeza mtoto kufuata mstari, kuacha nafasi na kuumba herufi. Ila tusikuite kuandika sentensi.

Nina jambo moja tu la kusema leo. Sentensi ya mtoto itungwe mdomoni kwanza. Aiseme nzima, aisikie, airudie, ndipo aguse penseli. Darasa lililo kimya tangu mwanzo hadi mwisho wa somo la kuandika linanitia wasiwasi.

Kwa nini nasisitiza mdomo? Mfuateni kwa makini mtoto wa miaka sita anayetaka kuandika "Paka amepanda mti." Inabidi aishike sentensi yote kichwani. Achomoe neno la kwanza. Alikate silabi, pa, ka. Akumbuke umbo la "p", na tumbo lake linaangalia wapi. Akumbuke kwamba mkia wake unashuka chini ya mstari. Aandike. Aache nafasi. Kisha arudi kichwani kutafuta alikuwa amefika wapi, na aanze tena na "amepanda", neno lenye silabi nne, moja ikiwa na "n" na "d" zilizoshikana. Mwaka 1956 George Miller, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza kwamba mtu mzima anaweza kushika akilini kwa muda mfupi takriban vitu saba kwa mara moja. Huyo ni mtu mzima. Mtoto anashika vichache zaidi, nasi tumempa vitu kumi na zaidi kwa mpigo.

Matokeo yake mnayajua. Anaandika "Paka ame", anafuta, anaazima raba, anarudi, anaandika "Paka ame paka". Mwalimu anasema hana makini. Makini anayo, tena yote imekwenda kwenye tumbo la "p". Kilichompotea ni sentensi, kwa sababu haikuwahi kukaa imara kabla hajaanza kuiandika.

Ndiyo maana mkono nao haudharauliki. Mtoto anayehangaika na kila herufi hana nafasi ya kufikiri. Virginia Berninger na wenzake walichapisha mwaka 1997 utafiti wao kuhusu watoto wa darasa la kwanza waliokuwa na shida ya mwandiko. Njia iliyofanya vizuri zaidi ilikuwa nyepesi ajabu: mtoto anaitazama herufi iliyochorewa mishale yenye namba inayoonyesha penseli ianzie wapi na ielekee wapi, herufi inafunikwa, kisha anaiandika kutoka kichwani. Jambo la kutupa moyo ni kwamba waliopata mazoezi hayo hawakuboreka kwenye herufi tu. Na utungaji wao pia ulipata kasi. Kwa hiyo dakika chache za kutazama, kufunika na kuandika kila siku zinatosha. Hakuna haja ya kujaza kurasa tatu za "m". Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza huko Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi za karatasi ya msasa wazipapase kwa vidole kabla ya kushika penseli. Wazo ni lilelile: mkono ujue njia, ili kichwa kibaki na kazi yake.

Sasa turudi mdomoni. Nitawaonyesha somo dogo lilivyo, hatua kwa hatua, kwa sababu kusema "wape watoto nafasi ya kuzungumza" ni rahisi, na mwalimu akifika darasani anabaki na kelele.

Kuna picha ubaoni, au kuna jambo ambalo darasa zima limeliona. Tuseme mpira umeangukia kwenye dimbwi. Mwalimu anauliza, "Kumetokea nini?" Mtoto anajibu, "Mpira." Hapa ndipo wengi wetu tunapomalizia sisi wenyewe: "Ndiyo, mpira umeangukia kwenye maji," na tunaiandika ubaoni. Kazi tumeifanya sisi. Rudi kwa mtoto: "Mpira umefanya nini?" "Umeingia kwenye maji." "Sema yote pamoja." "Mpira umeingia kwenye maji." Hiyo sasa ni yake.

"Mwambie jirani yako." Anamwambia, naye jirani anairudia. "Tuihesabu kwa vidole." Mpira, kidole cha kwanza. Umeingia, cha pili. Kwenye, cha tatu. Maji, cha nne. Ninapenda sana hatua hii ya vidole, na ninaomba msiiruke hata mkiwa na haraka. Mtoto anapoinua kidole kwa kila neno anaanza kusikia kitu ambacho sikio halimpi bure, kwamba usemi unaotiririka bila mapengo una vipande ndani yake. Tunapozungumza hatuachi nafasi kati ya maneno. Nafasi ni mambo ya karatasi.

Kisha anachora vistari vinne kwenye daftari, kimoja kwa kila neno, kirefu kwa neno refu na kifupi kwa neno fupi. Anaisema tena sentensi huku akigusa vistari. Ndipo anaandika, kila neno juu ya kistari chake. Akisahau, anagusa vistari, anasema kuanzia mwanzo, anajua aliishia wapi. Akimaliza anasoma kwa sauti akifuatisha kidole. Mara nyingi anagundua mwenyewe kilichokosekana, na kosa alilolikamata mwenyewe linamkaa kuliko nililomzungushia mimi duara jekundu.

Vistari havidumu. Baada ya muda mtoto anaviacha bila kuambiwa. Mwalimu asivigeuze kuwa sheria ya darasa la tatu.

Nimegusa nafasi kati ya maneno, na hapa nitakaa kidogo, maana Kiswahili kina mitego yake ambayo miongozo iliyotoholewa kutoka lugha nyingine haiioni. Tahajia yetu ni rafiki wa mtoto. Irabu ni tano, karibu kila herufi ina sauti moja, silabi nyingi zinaishia kwa irabu. Mtoto aliyeshika silabi anaweza kuandika neno ambalo hajawahi kuliona. Wenzetu wanaofundisha Kiingereza wangetamani hivyo. Lakini mtoto huyo anapofika kwenye sentensi anakutana na swali gumu: neno linaanzia wapi na kuishia wapi?

Tazameni "na". Kwenye "mama na baba" inasimama peke yake. Kwenye "mama anakuja" imefungwa ndani ya kitenzi. Tazameni "ni". "Mimi ni mtoto", mbali. "Ninakuja", pamoja. "Si mtoto", mbali, "sichezi", pamoja. "Rafiki wa Asha", mbali, "watoto", pamoja. Sasa mtoto akiandika "ana cheza", tumwelewe ametoka wapi. Jana alisoma kitabuni "Ana mpira", maneno mawili. Leo ameandika "Ana cheza", maneno mawili. Ametumia kanuni, tena kwa bidii. Mwaka 1971 Charles Read alionyesha kwamba watoto wa Marekani wanaobuni tahajia yao kabla ya kufundishwa wanafuata mantiki ya sauti wanazozisikia, kiasi kwamba sauti ya "tr" wanaianza kwa "ch", na ukiitamka taratibu unaona wamesikia kweli. Watoto wetu nao wana mantiki yao, na kazi yetu ni kuitambua kabla ya kuisahihisha.

Njia ninayoipendekeza kwa mitego hii ni mchezo wa kuchomeka. Chukua vipande viwili unavyovitilia shaka, ujaribu kuingiza neno "yule" au "ule" katikati. "Mama na baba": mama na yule baba. Inakubali, basi tunaachanisha. "Mimi ni mtoto": mimi ni yule mtoto. Inakubali. "Ana mpira": ana ule mpira. Inakubali. "Ana cheza": ana ule cheza. Darasa zima linacheka, na kicheko hicho ndicho kanuni. Kisichokubali kuchomekwa kinaandikwa pamoja. Mchezo una mipaka yake; "kwa sababu" na "kwa hiyo" yafundisheni kama yalivyo, yabandikeni ukutani, mwende mbele. Lakini kwa mambo ya kila siku unafaa, na hauhitaji kumtajia mtoto wa miaka saba kiambishi wala njeo.

Kuna zawadi nyingine ambayo Kiswahili kimetupa na hatuitumii. Tunaanza na "Hii ni" kana kwamba ndiyo sentensi nyepesi kuliko zote. Nani aliyeamua hivyo? "Nimechoka." Hiyo ni sentensi kamili. Ina mtenda, ina wakati, ina tendo, imeisha. "Tumeshinda." "Sijalala." "Anacheka." Mtoto aliyejua silabi juzi anaweza leo kuandika sentensi nzima kwa neno moja, akaanza na herufi kubwa na kumaliza kwa nukta, na ikawa ni habari ya kweli kuhusu yeye mwenyewe. Linganisha na "Hiki ni kiti." Hakuna mtu duniani aliyehitaji kuambiwa habari hiyo. Anayeiandika anajua, anayeisoma anajua, na kiti kipo pale pale.

Basi anzeni na vitenzi. Kisha mpanue kwa maswali, daima kwa mdomo kwanza. "Anacheka." Nani? "Mtoto anacheka." Mtoto gani? "Mtoto mdogo anacheka." Wapi? "Mtoto mdogo anacheka mlangoni." Kwa nini? "Mtoto mdogo anacheka mlangoni kwa sababu amemwona dada yake." Watoto wanashangaa kuona sentensi yao imekua hivyo bila kuvunjika. Msiulize maswali yote kila mara, jamani. Sentensi yenye nani, nini, wapi, lini na kwa nini kwa pamoja inakuwa ripoti ya polisi. Maswali mawili yanatosha, na mtoto achague yapi.

Maswali hayo yana kazi nyingine kubwa zaidi. Mtoto anaandika: "Alimpiga." Unamuuliza, "Nani alimpiga nani?" Anakutazama kwa mshangao: "Si ulikuwepo, mwalimu!" Ana haki ya kushangaa. Kwenye mazungumzo viambishi vyetu, kama "a" na "m" za "alimpiga", vinatosha, kwa kuwa tunamwona anayetajwa, tunanyosha kidole, tunatumia uso na sauti. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, aliandika kwamba maandishi ni usemi usio na mwenzi wa kuzungumza naye, usemi ulionyang'anywa sauti na lafudhi. Mtoto lazima amfikirie mtu asiyekuwepo. Hilo halitokei kwa kuambiwa "andika sentensi kamili." Linatokea pale karatasi yake inapopelekwa darasa la jirani, mtoto mwingine akaisoma, akarudisha ujumbe: "Nani alimpiga?" Msomaji wa kweli mwenye swali la kweli anafanya kazi ambayo kalamu nyekundu haiwezi.

Kuhusu nukta nitasema kidogo. Tunawaambia watoto waweke nukta wanapopumua. Watoto wanapumua popote. Wengine wanaweka nukta mwisho wa kila mstari, na si ajabu, kwa sababu vitabu vyao vya kwanza vimepanga kila sentensi kwenye mstari wake. Waandikieni ubaoni mara kwa mara sentensi inayovuka mstari na kuendelea chini, wajue kwamba nukta haifuati ukingo wa karatasi. Na mtoto akiwa ameitunga sentensi yake mdomoni, ameihesabu na kuirudia, anajua imeishia wapi. Nukta inakuwa ya kurekodi tu.

Tukivuka hapo tunaingia kwenye "halafu". Mnaijua hii. "Tulienda uwanjani halafu tukacheza halafu mvua ikanyesha halafu tukakimbia halafu Juma akaanguka halafu tukacheka." Usiikasirikie. Mtoto huyu amefika mbali: ana mambo mengi, ana mpangilio wa matukio, na ana pumzi. Kellogg Hunt alipochambua maandishi ya wanafunzi wa Marekani mwaka 1965 alikuta kwamba wadogo wanaunganisha vishazi vyao kwa "na" mfululizo, na kadiri wanavyokua wanaanza kuvichomeka vingine ndani ya vingine. Mtoto wa "halafu" yuko kwenye njia ya kawaida. Anahitaji kuonyeshwa viungo vingine.

Zoezi linalosaidia ni la kuunganisha. Mpe sentensi mbili fupi: "Mbwa alibweka. Paka alipanda mti." Muulize, tunaweza kuzifanya moja kwa njia ngapi? "Paka alipanda mti kwa sababu mbwa alibweka." "Mbwa alibweka, kwa hiyo paka akapanda mti." "Mbwa alipobweka, paka alipanda mti." Atatokea mmoja atakayesema, "Mbwa alibweka kwa sababu paka alipanda mti." Msimkatishe! Amegeuza kisa kizima kwa kubadilisha nani amesababisha nini. Andika zote ubaoni, uwaulize ipi imetokea kweli. Huko ndiko kufikiri kwa sentensi.

Pia wapeni mwanzo uleule wenye viungo tofauti, wamalizie wao. "Paka alipanda mti kwa sababu..." "Paka alipanda mti lakini..." "Paka alipanda mti ili..." Kila kiungo kinamlazimisha mtoto kufikiri jambo jingine: sababu, kikwazo, kusudi. Wa "lakini" ndio huwasumbua zaidi. Wengi wataandika "lakini mbwa alibweka", na hapo pana mazungumzo mazuri ya kwa nini haikai sawa.

Steve Graham na Dolores Perin walikusanya tafiti nyingi mwaka 2007 kuhusu wanafunzi wa darasa la 4 hadi la 12, wakaona kwamba mazoezi ya kuunganisha sentensi yanainua uandishi, na kwamba kufundisha sarufi kavukavu, pembeni ya uandishi wenyewe, hakukusaidia. Hao ni wakubwa kuliko watoto wetu, kwa hiyo siwalazimishi hitimisho lao moja kwa moja. Lakini kama sarufi kavu haikumsaidia wa darasa la sita, sioni itamfanyia nini wa darasa la kwanza. Hata ngeli: mtoto akisema "kitabu yangu imepotea", mrudishie kwa mazungumzo, "Kitabu chako kimepotea? Kilikuwa wapi?" Atajibu, "Kilikuwa mezani." Amesikia, ametumia, mmeendelea. Jedwali la ngeli litamkuta huko mbele.

Nimebakiza kusahihisha, na hili naliona zito, kwa sababu linaweza kubomoa yote tuliyoyajenga mdomoni. Tuchukue mfano. Mtoto ameleta hii:

"Buzi amekura dafutari yagu."

Kalamu nyekundu inaona nini? Inaona "buzi", inaona "amekura", inaona "dafutari", inaona "yagu", na mwenye jicho kali ataongeza kwamba ilipaswa kuwa "daftari langu". Makosa matano kwenye maneno manne. Ukiyazungushia yote, karatasi inarudi kwa mtoto ikiwa imejeruhiwa, na kesho ataandika "Hii ni kalamu", kwa sababu hiyo haina hatari.

Sasa isomeni kama wasomaji. Mbuzi amekula daftari la mtoto! Ni habari hiyo. Jambo la kwanza la kumwambia ni "Mbuzi amekula daftari lako? Lote?" Naye atasema, "Kurasa mbili tu." Tayari amekupa sentensi ya pili, ipo mdomoni, ihesabiwe kwa vidole. Pia tazameni alivyofaulu. Ameanza kwa herufi kubwa, ameacha nafasi pale panapostahili, hakuandika "ame kura", ametumia wakati unaofaa, ameweka nukta. Mambo hayo yana haki ya kutajwa kwa majina yake, kwani "vizuri" tupu haimwambii amefanya nini vizuri.

Kisha chagua kosa moja. Lipi? Angalia "buzi" na "yagu" pamoja. Ni kosa moja lililojitokeza mara mbili: sauti ya puani imedondoka kabla ya konsonanti. Hiyo "m" ya "mbuzi" na "n" ya "yangu" hazina irabu yao wenyewe, zinapita haraka, na mtoto aliyefundishwa silabi za konsonanti na irabu hana pa kuziweka. Mwambie aseme "mbuzi" taratibu, midomo ikifungwa kabla ya "bu". Aguse pua aone inavyotetemeka. Kisha "yangu". Ataisikia. Tafuteni pamoja maneno mengine ya namna hiyo: ndege, ngoma, mbali, nyumba. Dakika tano, na umefungua mlango wa mamia ya maneno. "Amekura" ina siku yake. "Dafutari" itajirekebisha kwa kusoma. "Yangu" kwa "langu" inasikika hata vinywani mwa wakubwa, tusijitie ukali kwa mtoto wa miaka sita.

Kuna anayewaza kwamba makosa yasiyosahihishwa yanazoeleka. Hoja hiyo naiheshimu. Ila tofautisheni kuacha kosa na kulipangia zamu. Mwalimu mwenye kijidaftari chake pembeni, anayeandika wiki hii kundi fulani la watoto linashughulikia sauti za puani na lile la nyuma linashughulikia nafasi, hajaacha kitu. Huyo anasahihisha kwa mpango.

Imla nayo isifutwe, ila ifanywe kwa sentensi. Tukitamka neno moja moja, "paka... amepanda... mti", tunazoeza masikio kungojea. Tamka sentensi yote mara moja. Watoto wairudie wote kwa sauti. Wairudie tena kimya, midomo ikicheza. Ndipo waandike. Kidogo kidogo refusheni sentensi, na mtaona uwezo wao wa kushika unavyopanuka.

Walimu wenye darasa kubwa wananitazama kwa jicho la "huyu anaota." Nawaelewa. Huwezi kumsikiliza kila mtoto kila siku, na sitaki ujaribu. Wawiliwawili ndiyo silaha yako: mtoto mmoja anasema, mwenzake anahesabu vidole na kukataa isiyokamilika. Watoto ni wakali kwa wenzao kuliko sisi. Wewe zunguka, keti na meza moja leo, nyingine kesho, usijaribu kugusa zote. Na kelele zitakuwepo. Mkuu wa shule akichungulia dirishani, mwalike aingie amuulize mtoto yeyote anataka kuandika nini.

Wazazi, kwenu nina ombi dogo. Msiushike mkono wa mtoto mkamwandikia. Msimtungie sentensi mkamwachia kazi ya kuichora. Akirudi na daftari, mwambieni, "Nisomee ulichoandika," kisha ulizeni swali moja kuhusu habari yenyewe. Mkikuta kosa la herufi, limezeni mpaka amalize kusoma.

Sasa tuache maneno yangu. Kwenye meza zenu kuna kurasa zilizotolewa kwenye madaftari ya watoto, majina yamefunikwa. Wekeni kalamu chini kwanza. Kaeni wawiliwawili, msome kila ukurasa kwa sauti kama ulivyoandikwa, pamoja na makosa yake. Kisha mkubaliane mambo mawili tu: swali gani mngemuuliza mtoto huyu kuhusu habari yake, na kosa gani moja mngelianza nalo kesho asubuhi, na kwa nini hilo na si jingine. Nawapa dakika kumi na tano, kisha tutasikiliza, na tutaanzia na meza ya nyuma.